Wavulana Hawasimamishwi

Mtaani walimwita Mama Makochi, kwa sababu kochi lililochoka likiingia mikononi mwake lilitoka kijana. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana wa bati, nyuma ya duka la vipuri vya magari. Ndani, sponji zilirundikwa mpaka darini, mbao ziliegemea ukuta, na harufu ya gundi ilimpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake enzi ambazo mwanamke kushika nyundo lilikuwa jambo la kuchekesha. Waliocheka walizeeka, makochi yao yakabonyea, wakaja wenyewe kumwomba ayatengeneze.

Alikuwa na watoto wawili, wote wa kiume, na mume aliyekuwa fundi wa pampu za maji na shemasi kanisani. Vijana wake waliosha vyombo, walifua nguo zao, na walipika chakula kikalika. Majirani walikuwa hawaishi maneno. "Wale si wavulana," walisema, "ni mabinti wenye ndevu." Naye aliwajibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake: "Tumbo likiuma kwa njaa halimuulizi mtu kama ni dume au jike."

Mkubwa walimwita Kinanda. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alianza kupiga kinanda cha kanisa tangu miguu yake ikining'inia tu kitini. Kijana mpole, wa shikamoo kwa kila mtu, mwenye shati lililonyooshwa. Kina mama walimtazama wakameza mate. "Mama Makochi, hebu tuambie siri," walimuuliza. "Wetu wametushinda."

Basi ilipokaribia Jumapili ya Wazazi, kamati ya kanisa ikamwomba asimame azungumze juu ya kulea watoto wa kiume katika njia ya Bwana. Alikubali haraka, tena kwa fahari ambayo hata yeye aliisikia ikimpanda kichwani. Akawa anafanya mazoezi huku anapiga misumari. "Jambo la kwanza, wapendwa..." kisha nyundo, ko! "Jambo la pili..." ko! Mdogo wake Kinanda, ambaye mdomo wake ulimpatia jina la Pilipili, alimwambia, "Mama, hayo ya nyundo ndiyo watakayoyaelewa."

Wakati huohuo kanisa lilimpa viti vikubwa vya madhabahuni, vile wanavyokalia mchungaji na wazee, avivue kitambaa kilichopauka na kuvivika mahameli nyekundu. Alikuwa chini ya kimojawapo, amelala chali sakafuni, mdomo umejaa misumari, anakinyoosha kitambaa cha chini kabla ya kukipigilia, pale Kinanda na rafiki yake walipoingia na kiti kingine begani. Rafiki huyo alikuwa mtoto wa Mzee Kengele, mzee wa kanisa aliyepewa jina hilo kwa sauti yake, maana akisema amina, madirisha yanaitikia. Vijana wale hawakumwona mtu. Waliona viti tu.

"Nimepita kwao jana," mtoto wa Mzee Kengele alisema, akicheka. "Zumari hatoki hata nje siku hizi. Si alijifanya ananikataa? Sasa na aimbe na mabeseni ya mama yake."

"Mimi sipendi tena jambo lile," Kinanda alijibu kwa sauti ya chini. "Hatukumwona popote. Tuseme tulikosea."

"Tulikosea wapi? Wewe ulisema umemwona, mimi nikasema nimemwona. Mashahidi wawili. Imekwisha hiyo!"

Chini ya kiti, Mama Makochi aliiweka nyundo sakafuni taratibu.

Zumari alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya, binti wa dobi mmoja aliyemlea peke yake kwa kufua mashuka ya watu. Alipewa jina hilo kwa sauti yake. Wiki chache kabla ya hapo, vijana hao wawili walipeleka neno kwa wazee kwamba wamemwona akitoka nyumba ya wageni na mume wa mtu. Binti alikana, akaapa, akalia. Haikusaidia kitu. Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya kanisa zima, akavuliwa joho la kwaya huku watu wanatazama, akaambiwa hataimba mpaka atakapotubu. Mama yake alikuwa benchi la nyuma, mikono yake iliyokauka kwa sabuni imefunika uso. Mama Makochi alikuwepo. Alitikisa kichwa kama wengine, akaenda zake nyumbani kupika.

Sasa alitoka chini ya kiti akitambaa. Vijana waliruka kama waliomwona nyoka. Alitaka kusema, lakini mdomo ulikuwa umejaa misumari. Ikabidi aiteme kiganjani, mmoja baada ya mwingine, na katika muda huo wote macho yake hayakupepesa. Mtoto wa Mzee Kengele hakungoja msumari wa mwisho. Alikwishatoka mlangoni, kandambili moja ameiacha.

"Mama..." Kinanda alianza.

"Ngoja kwanza. Uliona au hukuona?"

"Sikuona."

"Kwa nini ulisema umeona?"

Kijana alitazama sakafu yenye vumbi la mbao. "Aliniambia nimsaidie tu. Alisema Zumari amemdharau, tumtishe kidogo. Sikujua watamsimamisha. Halafu walipomsimamisha, niliogopa."

"Uliogopa," mama yake alirudia. "Ulikuwa umekaa kwenye kinanda, baba. Nilikuona kwa macho yangu. Wanamvua joho, na wewe unapiga wimbo wa toba taratibu, vidole havitetemeki! Mimi nimekufundisha kufua, kupika, kunyoosha shati. Kumbe nimelea shati!"

Kinanda alianza kulia. Mama yake hakumnyamazisha wala hakumkumbatia. Alikaa juu ya kiti kisicho na sponji, kwenye mikanda mitupu, na hasira ikamjia si kwa mafungu bali yote kwa pamoja: hasira ya kijana wake, hasira ya kichwa chake mwenyewe kilichotikisika benchini, na hasira ya ile hotuba aliyokuwa anaifanyia mazoezi. Jambo la kwanza, wapendwa. Jambo la kwanza lipi?

Mumewe aliporudi kutoka kazini na viatu vyenye tope alimkuta bado amekaa vilevile. Alisikiliza yote, akavua kofia, akaikuna badala ya kukuna kichwa. "Mke wangu, jambo hili ni zito. Lakini mambo kama haya humalizwa kwa hekima. Twende kwa mchungaji polepole."

"Twende," alijibu. "Ila polepole hiyo iache hapa na viatu vyako."

Mchungaji aliwapokea ofisini kwake, chumba chenye feni iliyozunguka kwa kulalamika. Alikuwa mtu mwema, asiyependa kelele, na alipomaliza kusikia alifumba macho kama anayeumwa jino. "Bwana asifiwe kwa kuwa ukweli umejulikana," alisema. "Tutawaita vijana hapa ofisini, tutawaonya, tutawaombea. Na binti tutamruhusu kurudi kwaya kimyakimya. Hakuna haja ya kuwatikisa waumini."

"Hapa ofisini?" Mama Makochi aliuliza.

"Ndiyo. Wana mitihani mbele yao. Tusiwaharibie."

"Mchungaji, binti alisimamishwa mbele ya watu wazima na watoto. Kipaza sauti kiliwashwa. Sasa wavulana wataombewa mlango ukiwa umefungwa, tena chini ya feni? Yeye hana mitihani?"

"Punguza hasira, Mama. Hasira si tunda la Roho."

"Na uongo ni tunda la mti gani?"

Mumewe alikohoa. Mchungaji alitazama feni. Waliachana kwa sala fupi ambayo Mama Makochi aliisikiliza macho yakiwa wazi.

Kesho yake asubuhi alikuja Mzee Kengele mwenyewe karakana, suti imekamilika, akitafuta pa kukaa. Alichagua kiti chake cha madhabahuni, bila kuangalia kwamba kimevuliwa na kubaki mikanda na misumari iliyochungulia. Alikaa, akaruka, akajishika nyuma.

"Pole, Mzee," Mama Makochi alisema. "Bado hakijawa tayari kukaliwa na mtu."

Mzee aliamua kusimama. "Mama, nimekuja kwa amani. Vijana ni vijana. Damu yao inachemka."

"Maji yangu yakichemka yakamwagikia mtoto wako, nitakuja kukuambia maji ni maji?"

"Sikiliza. Huyu wangu ana wito. Tunamtegemea aende chuo cha uchungaji."

"Ndiyo maana nashtuka zaidi."

Mzee alipandisha sauti, na mafundi wa duka la vipuri wakaacha kazi wakasikiliza. "Mambo ya ndani hayatolewi nje! Utamvunja mwanao uanaume wake. Mtoto wa kiume hapelekwi kuomba radhi kwa wasichana! Kesho atamwongoza nani? Mwanamume ni kichwa!"

"Kichwa kisichojua kuinama kuomba radhi ni boga, Mzee," alijibu, naye sauti ikapanda mpaka ikaikuta ya mwenzake. "Miaka yote mnatuambia samaki mkunje angali mbichi. Leo nataka kumkunja wangu, mnanishika mkono! Mnasema anavunjika! Na yule mtoto wa dobi, yeye alikuwa chuma, ndiyo maana hamkuogopa kumvunja?"

Mzee Kengele alisema viti vya kanisa virudishwe mara moja, hivyohivyo vilivyo. Alijibiwa kwamba kazi iliyoanzwa humalizwa. Akaondoka akitembea kwa uangalifu upande mmoja.

Jioni hiyohiyo, jua bado liko, Mama Makochi alimchukua Kinanda wakaenda kwa dobi. Nyumba yao ilikuwa chumba na uwanja, na uwanja wote ulikuwa mashuka yaliyoanikwa, hivi kwamba ukitaka kumfikia mtu unapenya kama mwizi. Dobi alikuwa anakamua shuka. Zumari alikuwa mlangoni anachambua vifungo vilivyong'oka kwenye nguo za watu. Alipomwona Kinanda alisimama kutaka kuingia ndani.

"Binti yangu, usiondoke," Mama Makochi alisema. "Huyu ana neno. Likimkwama kooni, mimi sitamsaidia kulitoa."

Kinanda alilitoa, kwa vipande. Kwamba hakuona kitu. Kwamba hapakuwa na nyumba ya wageni wala mume wa mtu. Kwamba alisema uongo kumridhisha rafiki, akanyamaza kwa uoga. Aliomba samahani. Shuka lililokuwa mikononi mwa dobi lilichuruzika maji miguuni mwake, asiyasikie.

Zumari aliviweka vifungo kizingitini. Ndipo akasema, na ile sauti waliyoizoea ya kupaa ilikuwa kavu kabisa: "Hii samahani ya kati ya mashuka siitaki. Uliniongelea mbele ya watu?"

"Tuliwaambia wazee..."

"Na mimi nilisimama mbele ya nani?"

"Mbele ya kanisa zima," Kinanda alisema.

"Basi ukaisemee hukohuko. Kama huwezi, usirudi hapa tena kunitwika mzigo wako."

Dobi ndipo alipopata sauti. Hakumtazama kijana, alimtazama mama. "Dada, wewe na mimi tumeketi kanisa moja miaka mingi. Siku ile, hata wewe hukuja kuniuliza."

Mama Makochi hakuyakwepa macho yake. "Sikuja," alisema tu. Wakaaga.

Njiani Kinanda aliuliza, "Mama, utanilazimisha?"

"Hapana. Nikikusukuma nitakuwa nimesema mimi. Mdomo ulioharibu si wangu. Lakini ujue nitakuwa nimekaa palepale, na nitakuwa nakutazama."

Jumapili ya Wazazi ilifika. Jina la Mama Makochi lilikuwa limeondolewa kwenye ratiba bila yeye kuambiwa. Badala yake aliletwa mwalimu mgeni, mwenye tai inayong'aa, akafundisha juu ya wana. "Wazazi, msiwavunje moyo watoto wa kiume!" alinguruma. "Msiwafanye wanyonge! Mtoto wa kiume ni simba!" Watu wakapiga makofi. Mzee Kengele akasema amina, madirisha yakaitikia. Mama Makochi alikaa amekunja mikono, akiwaza kwamba simba ni mnyama ambaye wenye akili hawamfugi ndani ya nyumba.

Mchungaji akaitisha wimbo. Kwaya ikasimama, ikavuta pumzi. Kinanda hakikulia. Kwaya ikangoja. Watu wakageuka. Kijana alikuwa ameinuka, mikono yake imeshika ukingo wa kinanda kana kwamba sakafu inayumba, na mdomo wake uko karibu na kipaza sauti cha kuimbia.

"Zumari hakufanya lile jambo," alisema. "Mimi ndiye niliyesema nimemwona. Sikumwona. Tulitunga. Nilidanganya wazee, na siku mlipomvua joho nilikaa hapa nikapiga wimbo. Naomba..."

Kipaza sauti kikakatika. Mzee Kengele alikuwa amefika kwenye mitambo, mkono juu ya swichi. Kinanda alitazama huku na huku, akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, akipiga kelele kama mtu wa ng'ambo ya mto: "Naomba Zumari anisamehe, na mama yake! Na nyie mliomwona akisimamishwa, mjue alionewa!"

Mlangoni, shemasi mwenye viatu vya tope, ambavyo siku hiyo vilikuwa vimepigwa rangi, alikuwa na kikapu cha sadaka mkononi. Alikiweka chini. Akapita katikati ya kanisa, taratibu kama kawaida yake, akapanda jukwaani, akasimama kando ya mwanawe, bega kwa bega. Mama Makochi hakukumbuka kama aliwahi kumpenda mwanamume huyo kiasi kile.

Benchi la nyuma lilikuwa tupu, maana dobi na binti yake hawakuwa wamekuja tangu siku ile. Mtoto wa Mzee Kengele alikuwa amekaa safu ya vijana, ametazama simu yake. Hakuinua kichwa.

Wiki hiyo kamati ilikutana, na barua... hapana, hata barua hawakuandika, walituma mtu. Kinanda amesimamishwa kupiga kinanda kwa kuvuruga ibada. Baba yake amepumzishwa ushemasi. Mama Makochi alipoyasikia alicheka kicheko kibaya. "Kumbe wavulana nao husimamishwa!" aliwaambia mafundi wa vipuri. "Akidanganya, damu inachemka. Akisema kweli, amevuruga ibada! Haya, nendeni mkalee watoto kwa mtindo huo, halafu mje kuniuliza siri!"

Viti alivimalizia, vizuri kuliko kawaida, akavipeleka kwa mkokoteni mwenyewe. Hakutaka mtu aseme kwamba hasira imeharibu mshono.

Mchungaji ndiye aliyekuja kubadilika, kwa kuchelewa, kama wema wengi wanavyofanya. Watu walianza kumuuliza maswali mlangoni baada ya ibada, wanawake zaidi, tena wanawake wenye mabinti. Siku moja alikwenda kwa dobi peke yake, bila wazee. Dobi hakumfukuza wala hakumkaribisha. Alimwacha asimame kati ya mashuka mpaka alipomaliza kuanika la mwisho, ndipo akamuuliza shida yake. Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama, akasema mbele ya wote kwamba kanisa lilimdhulumu Zumari, na kwamba joho lake linamngoja. Mzee Kengele alitoka nje kabla hajamaliza. Mwanawe alikwishapelekwa kwa baba yake mdogo mji mwingine, na hakuwahi kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Joho likangoja. Zumari alikuwa ameanza kuimba kwenye kanisa lingine, lenye paa la turubai, ambako hakuna aliyemjua. Kinanda alipokutana naye barabarani alimsalimia, naye akaitika. Ni hivyo tu. Kijana alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba ameitikiwa, kana kwamba ameleta zawadi, na mama yake akamwambia asidai zaidi.

Mwaka ulipozunguka, kamati ikamtuma mchungaji karakana. Alimkuta Mama Makochi akikata sponji, Pilipili ameshikilia upande wa pili.

"Mama, Jumapili ya Wazazi imekaribia. Wazazi wenyewe wamekutaja. Uje utufundishe namna ya kulea watoto wa kiume."

Kisu kilisimama. "Mchungaji, huo ni mwaka wa ngapi mnauliza ya wavulana? Mbona hamwendi kwa dobi? Muulizeni alimleaje binti yake, mpaka mkamvua nguo ya kwaya mbele za watu na bado akabaki na sauti ya kuimba. Mimi wangu aliharibu, nikakimbizana na uharibifu. Yeye wake hakuharibu kitu! Aitwe yeye, akae kwenye kile kiti chekundu, na nyie wazee mkae benchi msikilize!"

Mchungaji aliinamisha kichwa, akakubali. Ujumbe ukapelekwa kwa dobi siku hiyohiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya povu, akashukuru kwa adabu, akasema Jumapili hiyo ana mashuka ya watu.